Umekula? Sijala: jinsi akili inavyopanga vitu na kuvipigia picha

Saa mbili usiku mgeni anapiga hodi. Anakaribishwa, anavua viatu, na kabla salamu hazijaisha shangazi ameshauliza: "Umekula, mwanangu?" Mgeni anajibu papo hapo: "Bado sijala, shangazi." Saa kumi na mbili jioni huyu huyu alikunywa chai kwa chapati mbili na kibakuli cha maharage. Wala hajadanganya. Shangazi akisimuliwa habari za zile chapati hatamwita mwongo. Atabandika sufuria ya maji asonge ugali. Kwa wote wawili chakula ni ugali au wali, na mboga yake. Chapati na chai ni vya kupoza njaa.

Kamusi haikubaliani nao. Ukiifungua utaambiwa chakula ni kitu kinacholiwa, na hapo chapati, karanga za kuchemsha na embe la njiani vyote vina haki sawa. Vichwani mwetu haki hiyo haiko sawa hata kidogo. Neno "chakula" lina kitovu chake, na kadiri kitu kinavyokaa mbali na kitovu hicho ndivyo uchakula wake unavyopungua. Tena kitovu chenyewe huhama na watu. Kwa aliyekulia Bukoba katikati ya migomba, chakula ni ndizi. Dar es Salaam utamkuta mtu anayekwambia ndizi ni tunda, na anashangaa unabisha nini.

Hapa pana swali linalotoka nje ya jiko. Akili inawezaje kukusanya vitu visivyofanana chini ya jina moja? Na jina hilo likitajwa, ndani ya kichwa kunatokea nini: maelezo, au picha?

Jibu la kale, ambalo hupelekwa kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, lilikuwa la masharti. Kila aina ya kitu ina orodha ya sifa. Kitu kikizitimiza zote kimo, kikikosa moja kimetoka. Kuna mahali jibu hili linakaa sawasawa. Pembetatu ni umbo lenye pande tatu zilizonyooka, basi. Shangazi ni dada wa baba. Lakini hebu jaribu kiti. Ukisema lazima kiwe na miguu minne, kigoda chenye mitatu kimekushinda. Ukisema lazima kiwe na mgongo, stuli imetoka. Ukisema ni kitu kilichotengenezwa ili mtu akikalie, umeiingiza mbuzi ya kukunia nazi: mtu huikalia barabara, ameikunjua, ulimi wa chuma wenye meno uko mbele yake na nazi iliyokunwa inadondokea kwenye sinia. Nani alishamkaribisha mgeni akae juu ya mbuzi?

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliushika ugumu huu kwa neno moja la kawaida: mchezo. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake, anamtaka msomaji asikimbilie kusema kwamba michezo yote lazima iwe na jambo moja la pamoja, kwanza atazame. Sisi tukitazama tunaona mengi zaidi yake. Mpira una timu mbili na mshindi. Bao lina mshindi lakini halina jasho. Kombolela ina jasho, na mshindi humjui vizuri. Mtoto anayedundisha mpira ukutani peke yake hashindani na mtu. Halafu kuna mchezo wa kina mama, ule wa kila mmoja kutoa elfu kumi kwa wiki na mmoja kupokea zote: nao tunasema "anacheza mchezo", ingawa hapo hakuna anayecheka mtu akichelewa kulipa. Hakuna uzi mmoja uliopita katika yote haya. Kilichopo ni mfanano wa ukoo: huyu kachukua pua ya babu, yule mwendo wa babu, wa tatu ana pua ya bibi na sauti ya babu. Ukiwaona pamoja msibani unajua ni watu wa nyumba moja, ila ukiambiwa utaje sifa waliyo nayo wote utaikosa.

Aliyetoa wazo hili kwenye falsafa na kulitia katika vipimo ni Eleanor Rosch, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1975 alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi zaidi ya 200 wa Kimarekani swali ambalo kimantiki halina maana: kitu hiki ni mfano mzuri kiasi gani wa aina yake? Wangeweza kujibu kwamba tunda ni tunda. Hawakujibu hivyo. Walikubaliana kwa namna ya kushangaza kwamba chungwa, tofaa na ndizi ni matunda hasa, na zeituni ilikwenda chini sana. Katika samani, kiti kilikuwa juu na simu ikawa mkiani. Katika ndege, robini, ndege mdogo wa bustani anayejulikana na kila mtoto kule kwao, alikuwa ndege kweli kweli; kuku alikuwa ndege wa kusitasita.

Huenda mtu akasema hayo ni maoni tu. Lakini kitovu hujionyesha hata pale ambapo mtu hakuombwa maoni. Mpe sentensi mbili, "robini ni ndege" na "kuku ni ndege", umwambie abonyeze kitufe cha kweli au si kweli. Zote atazipa kweli, ila ya kuku itamchelewesha kwa sehemu ya sekunde. Watoto nao hushika mifano ya katikati kwanza, ya pembeni baadaye. Jaribu kwa Kiswahili: nikikwambia kuna ndege juu ya bati, shomoro amekwishatua kichwani mwako, au kunguru kama uko Dar. Kuku hakuja, ingawa juu ya bati hupanda kila siku.

Nikiangalia lugha yetu naona kwamba wazee walilijua jambo hili bila maabara. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobeba ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi zilizobaki, mbali na zile za kukopa kama buluu, tumezitaja kwa kitovu chake. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari yenyewe. Kuna zambarau, kuna rangi ya chungwa, kuna damu ya mzee, na mtu akiwa maji ya kunde hakuna anayeuliza mpaka uko wapi. Hatukuzungushia rangi ukuta. Tumesimamisha kitu kimoja katikati tukasema: kinachokaribia hapa.

Rangi ndizo zilizompeleka Rosch kwa Wadani wa nyanda za juu za Guinea Mpya, upande unaotawaliwa na Indonesia. Lugha yao ilikuwa na maneno mawili ya msingi, *mili* kwa rangi za giza na baridi na *mola* kwa rangi za mwanga na joto. Aliripoti kwamba hata wao walizikumbuka vyema zaidi rangi zile ambazo wengine huziita nyekundu hasa au kijani hasa, na kwa hiyo vitovu vya rangi huenda vimo ndani ya jicho la binadamu na si ndani ya lugha. Matokeo hayo hayakusimama bila kupingwa. Mwaka 2000 Debi Roberson na wenzake walichapisha utafiti wao kwa Waberinmo wa Papua Guinea Mpya, na huko kumbukumbu ya rangi ilifuata mipaka ya maneno ya lugha yao. Mimi naona kesi hii haijafungwa: jicho lina upendeleo wake, na lugha nayo inauvuta.

Kitovu kikishajulikana, pembeni nako kunavutia. William Labov, mtaalamu wa lugha, alichora vyombo vya aina ya kikombe akavipanua kidogo kidogo, akawauliza watu kila kimoja kinaitwaje. Hakukuwa na mstari ambapo kikombe kinaishia na bakuli linaanza. Majibu yalififia taratibu kutoka jina moja kwenda lingine. Kilichonigusa zaidi ni hiki: chombo kile kile, mtu akiambiwa akifikirie kina kahawa, hukiita kikombe, akiambiwa kina viazi vya kupondwa, hukiita bakuli. Mchoro haukubadilika. Kilichobadilika ni kazi. Kwetu finjani ya kahawa chungu haina hata mkono wa kushikia, na ukiiangalia yenyewe ni kibakuli. Lakini birika la kahawa liko pembeni na makaa yake, basi ni kikombe.

Sasa tuulize kitovu hiki kimetunzwaje kichwani. Hapa wataalamu wamegawanyika kwa miongo mingi, na mgawanyiko wao nauelewa vizuri zaidi nikiwa mbele ya muuza madafu. Ninayenunua kwake ana baiskeli, madafu yamening'inia pande zote mbili. Namwambia nataka lenye nyama laini. Anachukua moja, analigonga kwa ubapa wa panga, analitikisa karibu na sikio, analirudisha: "Hili limeshaanza ukoroma." La pili analigonga mara moja tu, analichonga. Namuuliza amejuaje. Anafikiri kidogo. "Sauti yake."

Hana orodha ya masharti. Lakini ana nini? Upande mmoja unasema ana wastani: kutokana na maelfu ya madafu akili yake imejichorea dafu moja la mfano, ambalo pengine halijawahi kuwepo juu ya mnazi wowote, na kila jipya linapimwa kwa hilo. Mwaka 1968 Michael Posner na Steven Keele waliwafundisha watu kupanga michoro ya vitone vilivyotawanywa ovyo. Kila kundi lilitokana na mchoro mmoja mama, ambao wanafunzi hawakuonyeshwa; walionyeshwa potofu zake tu, yaani mchoro ule ule vitone vikiwa vimesogezwa. Baadaye mchoro mama ulipoletwa, waliupanga vizuri karibu sawa na ile waliyojifunzia, na vizuri kuliko potofu nyingine mpya. Upande wa pili, ulioanzia kwa Douglas Medin na Marguerite Schaffer mwaka 1978, unasema hakuna haja ya wastani. Muuza madafu amehifadhi madafu yenyewe, moja moja, na hili analoligonga linaamsha kumbukumbu za yale yaliyolia hivi. Hesabu za njia hizi mbili hufanana kwa mengi, ndiyo maana ugomvi umekuwa mrefu. Nadhani aliyeona mifano michache huikumbuka mifano yenyewe, na aliyeona maelfu hujikuta na kitu kinachofanana na wastani.

Muuza madafu anafundisha jambo lingine pia. Rosch na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba majina ya vitu yana ghorofa, na kuna ghorofa moja ambayo akili hupenda kukaa: tunasema "kiti" haraka kuliko "samani" au "kiti cha jikoni". Lakini ghorofa hiyo hushuka kwa anayekijua kitu. Wapenzi wa ndege na wapenzi wa mbwa waliochunguzwa na James Tanaka na Marjorie Taylor mwaka 1991 walitaja jina la ndani kabisa kwa wepesi ule ule wa jina la jumla. Mtu wa bara akitazama juu ya mnazi anaona nazi. Mtu wa pwani anaona kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na haoni vitu vitano vya jamii moja; anaona vitu vitano.

Mpaka hapa ungedhani kila kitu ni mfanano. Sivyo. Mwaka 1983 Sharon Armstrong, Lila Gleitman na Henry Gleitman waliwauliza watu namba witiri ipi ni witiri zaidi. Witiri ina sharti moja lisilo na ubishi, haigawanyiki kwa mbili, lakini watu walisema 3 ni witiri nzuri kuliko 447. Maana yake tunaweza kuwa na sharti kamili na kitovu kwa wakati mmoja, kama vile tunavyojua kwamba kuku ni ndege.

Na nyuma ya mfanano kuna maelezo ya kwa nini. Frank Keil aliwasimulia watoto habari za rakuni, mnyama wa Marekani, aliyepakwa rangi na kufanyiwa upasuaji mpaka akafanana na kicheche, na harufu akawekewa. Watoto wadogo walisema sasa ni kicheche. Wakubwa kidogo, wa miaka tisa kumi, walikataa: ni rakuni bado. Ila birika la kahawa lililokatwa na kuungwa upya likawa chombo cha kulishia ndege, wote walikubali kuwa limekuwa kitu kingine. Sisi hatuna rakuni, lakini koroboi tunayo. Kopo la mafuta ya kupikia likishatobolewa, likatiwa utambi na mafuta ya taa, hakuna anayesema ni kopo. Punda naye mpake mistari usiku kucha. Asubuhi ni punda mwenye rangi. Kitu kilichotengenezwa kinaitwa kwa kazi yake. Kiumbe tunaamini kina undani ambao rangi haiufikii, hata kama undani huo hatuwezi kuutaja.

Kiswahili kinaishi imani hiyo ndani ya sarufi. Kifaru kwa umbo ni neno la KI-VI, lakini mnyama tunasema "kifaru amelala". Cha jeshi tunasema "kifaru kimelala", na msikilizaji anajua kimekwama. Chukua tena ndege: "ndege ametua", "ndege imetua". Silabi moja imebadilika, na kichwani mwako mandhari nzima imegeuka, kutoka tawi la mti kwenda lami ya uwanja.

Hayo mandhari ndiyo nusu ya pili ya swali letu. Je, kuijua dhana ni kuwa na picha yake?

Mwaka 1880 Francis Galton aliwaomba wasomi wa Uingereza waikumbuke meza waliyonywea chai asubuhi ile, waeleze wanaiona kwa uwazi gani. Baadhi walisema wanaiona kama vile wako mezani. Wengine, wakiwemo wanasayansi wenye majina, walidhani "kuona akilini" ni msemo tu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1910, Cheves Perky alitoa matokeo ya jaribio ambalo bado nalistaajabia. Alimkalisha mtu mbele ya kioo chenye ukungu, akamwambia awazie ndizi pale. Nyuma ya kioo, bila mtu kujua, taa iliangaza sura hafifu ya ndizi, ikiongezwa kidogo kidogo. Watu walieleza ndizi "waliyoiwazia" na hawakugundua kuna ya kweli mbele yao, ingawa wengine walishangaa kwa nini ndizi yao imesimama wima wakati wao walikusudia ilale.

Picha hizi hata hupimika. Roger Shepard na Jacqueline Metzler mwaka 1971 waliwaonyesha watu wanane jozi za maumbo ya vibweta vilivyounganishwa, wakauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa au mawili tofauti. Kadiri umbo lilivyogeuzwa zaidi ndivyo jibu lilivyochelewa, kwa mstari ulionyooka, kama nyuzi 60 kwa sekunde. Ni kana kwamba kila mtu alikuwa analishika kwa mikono ya ndani na kulizungusha. Stephen Kosslyn akaongeza ramani ya kisiwa cha kubuni: kusafiri akilini kutoka kibanda hadi kisima cha mbali kulichukua muda mrefu kuliko hadi mti wa jirani. Zenon Pylyshyn hakuridhika. Alisema vichwani hakuna picha, kuna maelezo yasiyo na sura, na watu huchelewa kwa sababu wanajua kwamba kusafiri mbali huchukua muda, nao wanaigiza ujuzi huo.

Ushahidi unaonipa mimi uzito upande wa picha ulitoka Milan, mwaka 1978. Ili uuelewe, simama kwa mawazo Forodhani, Zanzibar, mgongo umeupa bahari: Ngome Kongwe iko kuliani, Beit al-Ajaib kushotoni. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walikuwa na wagonjwa wawili ambao ubongo wao, upande wa kulia, ulikuwa umeumia, wakawa hawashughuliki na kilichoko kushoto kwao. Waliwaomba wawazie wamesimama katika uwanja wa kanisa kuu la mji wao, wakilitazama kanisa, wataje majengo. Walitaja ya kulia. Kisha wakaombwa wajione wamesimama kwenye kanisa wakitazama upande wa pili. Sasa wakataja yale waliyoyaacha mwanzo, na yale waliyoyataja yakapotea. Majengo yote waliyajua. Kilichokosekana ni nusu ya kile walichokuwa wanakitazama ndani.

Basi dhana ni picha? Hapo ndipo wanapoingia watu wasio na picha kabisa. Adam Zeman na wenzake waliwapa jina mwaka 2015, afantasia, na tafiti zilizofuata zinakadiria kuwa ni kati ya asilimia 1 na 4 ya watu. Mmoja aliyechunguzwa kabla ya hapo, mwanamume aliyepoteza picha zake uzeeni baada ya matibabu ya mishipa ya moyo, alipewa maumbo ya Shepard. Alijibu sawasawa. Lakini muda wake haukupanda na pembe kama wa wengine. Alifika kwa njia nyingine.

Mwaka 2021 Wilma Bainbridge na wenzake waliwaonyesha watu picha za vyumba, kisha wakawaomba wavichore kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache na rangi kidogo. Mahali pa vitu, hata hivyo, walipapatia kama wengine, na vitu visivyokuwepo waliviingiza mara chache kuliko wale wenye picha. Tena walitumia zaidi maneno kwenye michoro yao. Palipopaswa kuwa na umbo la kitu, palikuwa na jina lake, limeandikwa mahali pake hasa.